Mwaka Niliokuwa Naonja Dawa

Filbert alinipigia simu asubuhi kunijulisha kwamba mama yake amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole akaongeza jambo ambalo sikulitarajia katika simu ya msiba. "Mjomba anasema uje, Daktari. Na anasema uje na mhuri wako." Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi wa ofisi yetu hapa Biharamulo, upande unaotazama boma la zamani la Wajerumani, mkononi nikiwa na rundo la fomu za wanafunzi wanaokuja kwetu kujifunza kazi. Nilimuuliza mhuri wa nini. Akasema, kwa upole ule ule ambao kwa miaka yote umenichoma kuliko tusi, "Utamwuliza mwenyewe. Mimi nimetumwa tu." Sikuhitaji kumwuliza. Nilifungua mtoto wa meza, nikautoa mhuri wenye jina langu, nikaufunga ndani ya leso pamoja na kidau chake cha wino, kama mtu anayefungasha kitu cha wizi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni wa kwanza wa utumishi wangu, nilipokuwa msichana, afisa tabibu niliyetoka chuoni moja kwa moja nikiwa na cheti kipya, koti jeupe lililokuwa pana mabegani, na imani kubwa kuliko umri wangu. Zahanati sitaitaja. Ilikuwa katika kijiji kimoja cha upande wa Kasulo, wilayani Ngara, jengo la vyumba vinne lililopakwa chokaa juu na rangi ya kijivu chini, na nyuma yake nyumba ya watumishi ambayo nusu yake ilikuwa yangu na nusu ya Jeneroza, muuguzi aliyekuwa pale kabla hata sijaanza shule ya msingi. Ukuta uliotutenganisha haukufika darini. Kila jioni nilisikia sufuria yake ikiwekwa mekoni, nikasikia ndizi zikimenywa, nikasikia wageni wake wakinizungumzia kwa Kihangaza nisichokielewa, kisha kwa Kiswahili walipotaka nielewe. "Huyu mtoto ana vitabu vingi kuliko vyombo," mama mmoja alisema jioni ya kwanza, na Jeneroza akajibu, "Mwache. Vyombo ataazima kwangu. Vitabu mimi nitaazima wapi?" Dakika chache baadaye aliniita nikale. Nilikula mezani pake karibu mwaka mzima, ndizi na maharage, siku nyingine ugali wa muhogo na dagaa, na kila mara alinipakulia kwanza kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Nilikuta watu wanaogopa dawa zetu. Hawakuzikataa waziwazi, walizipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, kisha zikaenda kukaa juu ya kabati nyumbani. Nilizikuta huko nilipokuwa nikiwatembelea majumbani, pakiti kwa pakiti, nyingine zimeliwa vidonge viwili, nyingine hazijafunguliwa. Hilo lilinikasirisha sana. Chuoni tulikuwa tumefundishwa juu ya vimelea vinavyozoea dawa kwa sababu ya dozi zilizoachwa njiani, nami nilikuwa nimejiapiza kwamba mahali nitakapopangiwa, dozi zitamalizwa. Juu ya dirisha la kutolea dawa nilibandika karatasi nene niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito: DAWA HAILETI UGONJWA. MALIZA DOZI. Jeneroza aliisoma, akaisoma tena, akauliza kama nina uhakika na ile sentensi ya kwanza. Nilimjibu kwamba kwa mwananchi wa kawaida inatosha. Naikumbuka sauti niliyolisema nayo neno hilo, "wa kawaida", na ningelipa kitu kikubwa nisiikumbuke.

Kuonja kulianza kwa bahati. Jumapili moja Jeneroza alipata wageni baada ya misa, na katikati ya sebule kikawekwa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, chenye mrija mmoja mrefu. Niliona kwamba kabla ya mgeni yeyote kugusa mrija ule, Jeneroza mwenyewe alipiga magoti, akavuta funda moja, akameza watu wakimtazama, ndipo akamgeuzia mgeni mkubwa kuliko wote. Nilimuuliza baadaye kwa nini mwenyeji anajitanguliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini milango ina bawaba. "Hapa anayetoa ndiye anayeonja. Usipoonja, umemwambia mgeni nini?" Usingizi ulinipaa kwa furaha, nilidhani nimepata ufunguo. Kesho yake, mama mmoja alipokuwa akizungusha vidonge vya mwanawe kiganjani bila kusema lolote, nilichukua kidonge kimoja kutoka kopo lile lile, nikakimeza kwa maji mbele ya foleni nzima, nikafungua mdomo kuonyesha kwamba kimekwenda. Watu waliguna kwa mshangao. Mama yule alifunga dawa zake kwenye kanga na kuondoka akitabasamu. Tangu siku hiyo nilionja karibu kila siku: vidonge vya maumivu, vya minyoo, dawa za maji za watoto ambazo zilinifanya nisikie kichefuchefu hadi mchana. Kwa mizani ya leo ulikuwa upuuzi wa hatari hata kwangu mwenyewe. Lakini pakiti zilianza kurudi tupu, watu wakaniita daktari anayeonja, na mkaguzi wetu alipokuja aliniambia mbele ya Jeneroza kwamba wangekuwapo vijana kumi kama mimi, wilaya ingebadilika. Niliamini. Nilihesabu hata mahali ambapo wale wengine tisa wangepangwa.

Filbert alikuja miezi michache baadaye, akiwa na mama yake, Mama Adventina, na kaka wa mama yake, Mzee Gervas. Yeye alikuwa fundi wa matofali, kijana mwenye mikono mipana aliyeoa muda si mrefu, na shida yake ilikuwa maumivu ya kukojoa, shida ambayo kijana aliyeoa juzi haileti zahanati bila foleni kumtania. "Bwana harusi amechoka mapema," alisema mzee mmoja kwenye benchi. "Mwacheni, tanuri likiwa jipya huunguza," Jeneroza akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, na Filbert akacheka pamoja nao akitazama viatu vyake. Nilimpima, nikaona ni maambukizi ya njia ya mkojo, nikamwandikia vidonge vya salfa, vile vyeupe vikubwa tulivyokuwa tukivitoa kila siku kwa magonjwa mengi. Hapo ndipo Mzee Gervas alipovua kofia yake na kusogea dirishani.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi. Huyu usimpe hivyo vyeupe. Mpe vingine vyovyote."

Nilimuuliza kwa nini. Alieleza taratibu, kwa Kiswahili cha shule, akichagua maneno. Katika watoto wa mama yake, na katika watoto wa dada zake, vidonge vile vilikuwa mwiko. Wanaume tu. Wanawake wa familia hiyo walivimeza wasione kitu. Wanaume wakivimeza, mkojo unakuwa mweusi, macho yanakuwa ya njano, na mtu anaisha kama mshumaa. "Sisi tumeuita umuziro," alisema, "kama ule wa mnyama ambaye ukoo hauli. Hatukuwa na jina lingine la kuupa."

Ninapoandika maneno haya naona kwamba mtu mwenye elimu yangu alikuwa amepewa historia ya mgonjwa iliyo safi kuliko zote alizowahi kupewa. Dawa ilitajwa, dalili zikatajwa, jinsia ya wanaoathirika ikatajwa, na njia ya urithi ikatajwa. Ndani ya sanduku langu, hatua thelathini kutoka pale dirishani, kulikuwa na daftari la chuo ambamo nilikuwa nimechora kwa rula familia ya namna hiyo hiyo: miraba ya wanaume, duara za wanawake, miraba michache imepakwa wino, na mistari ikipita katika duara zisizopakwa kitu kwenda kwenye miraba ya kizazi kinachofuata. Chini ya mchoro niliandika kwamba wapo wanaume wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya fulani kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwamba wanaishi wazima hadi siku wanapopewa baadhi ya dawa, salfa ikiwa mojawapo, na kwamba hapo damu yao hupasuka ndani ya mishipa. Mwalimu alinipa alama za juu kwa mchoro ule. Lakini mchoro ulikuwa wa mtihani. Pale dirishani alikuwa amesimama mkulima na kofia yake mkononi, akitumia neno umuziro.

Hivyo niliamua kumshinda kwa hoja, na hoja yangu niliichukua katika mila zao wenyewe. "Mzee," nilisema kwa sauti ya kufika kwenye mabenchi, "mimi si mwenyeji, lakini nimeuliza na nimejifunza. Mwiko wa ukoo unatoka kwa baba. Filbert ni wa ukoo wa baba yake. Sasa inakuwaje abebe mwiko wa wajomba? Hata kwa mila zenu haiwezekani." Jeneroza alilazimika kuitafsiri kwa wale wasioelewa vizuri, na alipomaliza watu walicheka. Walicheka kwa sababu nilizijua mila zao, na kwa sababu nilikuwa nimesema kweli. Mwiko hufuata baba, kila mtu pale alilijua hilo.

Mzee Gervas hakucheka wala hakukasirika. "Swali hilo nimejiuliza tangu ujana," alisema. "Sina jibu. Nilimzika mdogo wangu. Nikamzika mtoto wa dada yangu mkubwa. Jibu sina, mwanangu, lakini nimezika."

Kwenye rafu nyuma yangu kulikuwa na dawa nyingine ambayo ingemtibu Filbert. Nalirudia hili kwa sababu kwa miaka mingi, nilipokuwa nikijisimulia kisa hiki, niliiondoa ile rafu. Ilikuwapo, na kopo lilikuwa limejaa. Sikulichukua kwa sababu niliona kwamba nikikubali mwiko huu mmoja, kesho kila ukoo utaleta wake, na ile karatasi juu ya dirisha itakuwa uongo. Nilichukua kidonge kimoja cha salfa, nikakiinua ili wote wakione, nikakimeza. "Umeona? Mimi hapa. Mzima." Kisha nikamsogezea Filbert kikombe. Alimtazama mjomba wake, akamtazama mama yake, akawatazama wale wazee wa benchi waliokuwa wakimtania, na mimi nilijua vizuri alichokuwa akikipima: msichana amemeza, yeye mwanaume ataogopa? Alimeza. Watu walipiga makofi machache. Mama Adventina alipokea pakiti kwa mikono miwili, nami nikamwambia, kwa sababu niliona yeye ndiye mwenye bidii katika familia ile, "Mama, wewe ndiye nakukabidhi. Asiache hata kimoja." Akasema, "Hataacha, Daktari."

Siku ya tatu Filbert alirudi kwa miguu, peke yake, kuniambia kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi iliyochemka sana na kwamba kiuno kinamuuma. Nilikuwa na watoto wa kliniki siku hiyo, chumba kimejaa vilio. Sikumtazama macho. Nilimwambia ugonjwa unatoka, anywe maji mengi, amalize dozi. Aliniambia asante. Siku ya tano walimleta kwangu kwa bodaboda, ameshikiliwa katikati ya dereva na Mzee Gervas, na nilipomgeuza kiganja chake nilikiona cheupe kama ganda la yai, na weupe wa macho yake ulikuwa njano, na alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Nililijua jibu hapo hapo. Nataka hili lieleweke, kwa kuwa huruma ya wasomaji huwa inakimbilia kusema kwamba alikuwa mdogo, hakujua. Nilijua kabla sijakiachia kile kiganja. Mchoro ulinirudia wote, pamoja na rangi ya wino.

Nikaketi kuandika barua ya rufaa. Wakati naandika, Mama Adventina alikuwa akieleza kwa mfululizo kila alichokula na kunywa mwanawe, na katika maelezo hayo akataja kwamba jana yake mjomba alimpa kikombe cha majani machungu ya homa, yale ambayo kila nyumba ya upande ule huyachemsha. Kalamu yangu ilisimama, kisha ikaendelea. Niliandika kwamba mgonjwa ana upungufu mkubwa wa damu uliotokea ghafla. Niliandika kwamba alikuwa kwenye matibabu ya maambukizi ya mkojo, bila kuitaja dawa. Na sentensi ya tatu niliiandika hivi: "Mgonjwa ametumia dawa za kienyeji alizopewa na mjomba wake." Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimekaa nayo muda mrefu nikitafuta neno moja la uongo ili nipate angalau kosa dogo la kuungama, na sijalipata. Uongo wake uko katika sababu iliyonifanya niiandike.

Ilifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotarajia. Kule hospitali waliisoma, wakamwuliza Mzee Gervas, naye mtu mkweli akakiri kwamba ndiyo, alimpa majani. Wakamkemea mbele ya wodi na kumwambia asiingie tena wala asilete kitu chochote cha kunywa. Barua yangu ilimtoa nje mtu mmoja aliyejua ugonjwa wa Filbert, ikamwacha ndani mama yake, ambaye kwenye mkoba wake alikuwa na pakiti yangu yenye vidonge vilivyobaki. Na Mama Adventina alikuwa ameniahidi. Hospitali walimpa Filbert walichoona kinafaa, na yeye, asubuhi na jioni, wauguzi wakiwa upande mwingine, alimpa mwanawe cha kwangu. Hakuwa akificha, hakudhani kwamba ni jambo la kuuliza. Alikuwa akimaliza dozi.

Siku iliyofuata mchana, Mzee Gervas alikuja zahanati. Foleni ilikuwa imekwisha, na Jeneroza alikuwa akifuta sakafu. Hakuketi. "Wamenizuia mlangoni," alisema. "Dada yangu nimemwita dirishani, nimemwambia aache vidonge. Ananijibu kwamba Daktari amemkabidhi, na kwamba mimi ndiye nimewekwa kwenye barua, si vidonge. Sasa naomba karatasi nyingine. Mimi wakinisikia wanaona kofia. Karatasi yako wanaiona."

Nilimwambia aje kesho. Nilisema kwamba fomu zimefungiwa, jambo ambalo halikuwa kweli. Zilikuwa chini ya kiwiko changu. Sikuwa na sababu nyingine isipokuwa kwamba sikujua namna ya kuandika barua ya pili bila kujishtaki kwa ile ya kwanza, na nilitaka nafasi ya kuipata. Alinitazama, akazitazama fomu chini ya kiwiko changu, akaweka kofia kichwani. "Kesho asubuhi," alisema, akatoka. Jeneroza aliendelea kufuta sakafu mahali pale pale kwa muda mrefu. Jioni hiyo alipakua chakula, akaweka sahani yangu, akala. Nilipoinuka kwenda kulala ndipo aliponiambia, "Editha, mimi Kihangaza ninakitafsiri. Hilo la fomu siwezi kulitafsiri."

Asubuhi barua ilikuwa tayari. Niliitunga kwa ustadi ambao leo unanitia aibu. Sentensi ya tatu niliirudia kama ilivyokuwa. Kisha nikaongeza ya nne: "Aidha, imebainika kwamba wanaume wa familia hii ya upande wa mama hawavumilii dawa za salfa, hivyo mgonjwa na ndugu zake wa kiume wasipewe kabisa." Imebainika. Nani aliyebaini, lini, kwa gharama ya nani, barua haikusema. Mzee Gervas aliisoma yote akiwa amesimama, akafika kwenye sentensi ya tatu, kidole chake kikatulia hapo, kikaendelea hadi ya nne. Aliikunja na kupanda bodaboda. Adhuhuri vidonge vilikuwa vimeondolewa mkobani. Filbert aliongezewa damu ya shemeji yake, akaongezewa tena, akakaa hospitali wiki kadhaa, akarudi nyumbani. Figo zake hazikurudi kama zilivyokuwa. Hakurudi tena kwenye tanuri. Kazi ya matofali inataka mwili mzima, na wa kwake haukuwa tena mzima. Walinishukuru. Mama Adventina aliniletea mkungu wa ndizi kichwani, kwa miguu, akaniambia kwamba karatasi yangu imemwokoa mwanawe. Niliupokea. Tuliupika, mimi na Jeneroza, na mimi nililala bila kuzigusa ndizi zile. Ile karatasi juu ya dirisha niliiondoa siku ambayo hapakuwa na mtu wa kuniona, na mwaka ulipokwisha niliomba uhamisho kwa sababu za kiafya.

Yote hayo niliyapitia kichwani ndani ya basi kutoka Biharamulo, mhuri ukiwa mapajani. Nilifika msibani alasiri, siku mbili baada ya simu ile. Mazishi yalikuwa yamefanyika jana yake, na waliobaki walikuwa ndugu wa karibu, wameketi sebuleni kwenye mikeka na viti vya kuazima, harufu ya maharage ikitoka uani. Filbert alinipokea begi, mwembamba, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Mzee Gervas alikuwa kwenye kiti karibu na mlango. Nilipiga goti kumsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nao?"

"Nimekuja nao, mzee."

Aliingiza mkono ndani ya koti na kutoa kopi ya barua yangu ya pili, imefunikwa kwa plastiki ngumu iliyoanza kuwa njano pembeni. Siku ile ya bodaboda alikuwa amepita kwanza kwenye duka la kutoa kopi. Tangu hapo, alisema, kila mwanaume wa upande wao anayeugua hutembea nayo. Imevuka wilaya hadi Nemba, kwa watoto wa dada yake aliyeolewa huko. Imewakinga wengi. Lakini mwezi uliopita Skolastika, dada yake Filbert, alimpeleka mwanawe mdogo mwenye kifua kwenye zahanati fulani, na tabibu wa pale, kijana mpya, alisoma sentensi ya tatu akacheka. "Akaniambia tatizo lenu ni mitishamba ya mjomba, si salfa," Skolastika alisema kutoka kwenye mkeka, mtoto amelala mapajani pake. "Akaniandikia salfa. Nilizitupa njiani. Lakini nilifika nyumbani nikiwa na wasiwasi, Daktari, maana yeye amesoma na barua iko upande wake. Mama alikasirika mpaka akashindwa kula."

"Alisema uitwe," Mzee Gervas alisema. "Akafa kabla hatujakuita."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Kwa nini aliibeba miaka yote karatasi inayomshtaki.

"Ya tatu ilikuwa yangu mimi," alisema. "Ya nne ilikuwa ya watoto. Ningekata ya tatu, wangesema karatasi imechezewa."

Niliomba meza. Filbert alileta stuli, na nikaandika nikiwa nimeketi mkekani, watu wakinisubiri, mtoto akipumua kwa kukoroma. Niliandika kwamba mimi, kwa jina langu kamili na namba yangu ya usajili, nilimpa Filbert vidonge vya salfa baada ya mjomba wake kunionya waziwazi kwamba wanaume wa familia hiyo hawavivumilii. Kwamba damu yake ilipasuka kwa sababu ya vidonge hivyo. Kwamba majani aliyopewa hayakuhusika, na niliyataja ili kujificha. Kwamba aliyebaini ni Mzee Gervas, miaka mingi kabla yangu. Kwamba watoto wa kiume wa wanawake wa familia hii wasipewe salfa, na wapimwe. Niligonga mhuri. Nilimpa aisome.

Hakuipokea. "Isome wewe," alisema. "Isome kama ulivyoongea siku ile dirishani. Kwa sauti ile."

Niliisoma. Kwenye neno "kujificha" nilisimama, na hakuna aliyenisaidia. Walingoja hadi nikaendelea. Nilipomaliza, Filbert alikuwa akitazama mikono yake. Skolastika alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke. Mahali fulani uani mtu alikuwa akipasua kuni, akaacha.

Mzee Gervas alikivuta kibuyu kilichokuwa kando ya kiti chake. Aliushika mrija, akaupangusa kwa kiganja, na sebule nzima ikamtazama, kwa sababu yeye ndiye mwenyeji na mimi ndiye mgeni, na kila mtu alijua kinachofuata. Hakuonja. Alinigeuzia mrija hivyo hivyo, akanishikia kibuyu kisiyumbe, akaningoja.

Nilikunywa.